Gari la rimoti linalopanda mawe kwa bei ya majogoo wawili



Mkoa wetu wa Singida una mawe. Mgeni akishuka stendi ya mjini, kabla hajaona mtu wa kumwuliza njia, ameshaona mawe. Yako mengine makubwa kuliko nyumba. Yako yaliyopandana kama kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Yamezunguka ziwa Singidani na ziwa Kindai, yamo mashambani, yamo hata nyuma ya majiko yetu. (Hapa tunasema mawe haya ya kukalia na kuanikia nafaka, si mawe ya tochi. Mawe ya tochi tutayafikia, maana nayo yana kesi yake.)

Watoto wetu hucheza juu ya mawe hayo na magari ya waya. Gari la waya kila mtu analijua. Bodi ni waya au kopo, matairi yamekatwa kwenye malapa yaliyochakaa, na usukani ni fimbo ndefu inayofika kifuani. Wengi wetu tuliosoma ukubwani tuliwahi kuyaendesha magari hayo utotoni. Yana ubaya mmoja tu: hayaendi bila kusukumwa.

Kijana mmoja wa kijijini kwetu, wa miaka 13, alitaka lake liende lenyewe. Alikuwa ameona mjini gari la kuchezea linaloongozwa kwa rimoti. Tena akasikia kwamba ndani ya redio ya kaseti mna mota. Basi siku baba yake alipokwenda mnadani, akaifungua redio ya nyumbani. Mota aliipata. Redio hakuweza kuirudisha. Ilikuwa redio pekee katika nyumba ile, na ndiyo bibi yake aliyokuwa akisikilizia taarifa ya habari kila jioni.

Baba wa kijana huyo ni mwenzetu katika kikundi chetu cha kusoma. Alikuja kwetu amekasirika, fimbo mkononi. Kijana alikuwa ameshakimbilia kwa bibi, na bibi yule yule mwenye hasara ndiye aliyemficha.

"Mimi namchapa," alisema baba. "Leo redio, kesho atafungua pikipiki ya mtu."

Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akamjibu: "Mchape, mwanangu, lakini redio haitaimba. Na mikono yake haitatulia. Afadhali mtafutieni vitu vilivyokufa, afungue hivyo."

Tulibishana mpaka usiku. Mwisho tukakubaliana kulitengeneza lile gari pamoja na kijana, sisi wenyewe tukiona. Tuliweka masharti mawili. La kwanza, kisiguswe kitu kizima cha mtu. La pili, gharama isizidi bei ya majogoo wawili. Kikundi chetu kina kuku wa mradi. Tuliuza majogoo wawili, kila mmoja shilingi 17,000, tukawa na shilingi 34,000 mkononi.

Tunaeleza hapa jinsi tulivyofanya, pamoja na jinsi tulivyokosea, ili ninyi msikosee mahali pale pale.

POLEPOLE NDIYO NGUVU

Kwanza tuulizane: ni kitu gani kinachofanya gari lipande mawe? Wengi wetu tulidhani ni mbio. Kijana naye alidhani hivyo. Lakini mmoja wetu aliwahi kuwa utingo wa malori, akatukumbusha mlima Sekenke.

Mlima huo uko Iramba, katika barabara ya Singida kwenda Nzega. Siku hizi barabara ina lami, lakini mlima ni ule ule. Lori lenye mzigo likianza kupanda, dereva hubadili gia mpaka afike ile nzito. Injini inanguruma sana, lakini magurudumu yanakwenda taratibu kama kinyonga. Mtu anaweza kushuka akanunua karanga, kisha akalifuata. Wakati wa kushuka dereva anatumia gia nzito vile vile, ili injini isaidie kulizuia lori, maana breki peke yake zikitumika sana hupata moto na kushindwa kushika.

Gia hufanya nini? Ni magurudumu yenye meno yanayosukumana. Chukua gia ndogo yenye meno 10, inasukuma gia kubwa yenye meno 40. Ile ndogo itazunguka mara 4 ndipo kubwa izunguke mara 1. Mwendo umepungua mara 4. Lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka karibu mara 4, ukitoa kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano. Hupati nguvu ya bure. Unalipa kwa mwendo.

Sasa tazama mota ile ndogo ya gari la kuchezea. Huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika moja. Inalia kama nyuki. Lakini ukiishika ncha yake kwa vidole viwili, inasimama. Ina mbio, haina nguvu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu, gari litashindwa na jiwe la ukubwa wa kiazi.

Kwa hiyo tulihitaji mota zenye gia. Fundi redio wa mjini alituonyesha. Tulimkuta kibandani kwake, amezungukwa na deki na redio zilizokufa.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, kijana wetu. Tunataka mota ya kupanda mawe."

Alicheka, lakini alitusikiliza. Akasema zipo mota zinazouzwa Dar es Salaam katika maduka ya vifaa vya elektroniki. Ziko ndani ya kijisanduku cha plastiki cha njano, chenye gia zake. Wanafunzi wa vyuo huzinunua kwa kujifunzia. Zile tulizochukua sisi ni za 1:48. Maana yake ni kwamba mota huzunguka mara 48 ndipo ncha inayoshika gurudumu izunguke mara 1. Tuliagiza nne, shilingi 3,500 kila moja, jumla shilingi 14,000. Nauli ya mzigo kwenye basi ilikuwa shilingi 3,000.

Kwa nini nne? Kwa sababu kila gurudumu litakuwa na mota yake. Lori la kweli lina injini moja, halafu nguvu inapelekwa nyuma na mbele kwa propela shafti na difu. Vitu hivyo ni vigumu kuvitengeneza kwa kisu na msumari. Mota nne zinatuondolea kazi hiyo yote. Tena hata watengenezaji wakubwa wamepita njia ya karibu na hiyo. Mwaka 1987 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari la rimoti lenye magurudumu makubwa, jina lake Clod Buster, likiwa na mota mbili, moja kwa kila ekseli. Wapenzi wa magari ya mawe huko Marekani walichukua ekseli zake wakatengenezea magari ya kupanda miamba. Siku hizi magari ya namna hiyo huuzwa tayari madukani, na yaliyo mazuri ni dola mia kadhaa moja. Hizo ni fedha za ng'ombe, si za kuku.

RIMOTI INASEMAJE NA GARI?

Mwaka 1898 huko New York, Marekani, mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo majini. Aliiongoza kutoka mbali bila waya wala kamba. Alitumia mawimbi ya redio. Rimoti ya gari la mtoto inafanya kazi ile ile.

Rimoti ni kituo kidogo cha redio. Gari nalo ni redio ndogo inayosikiliza kituo hicho kimoja tu. Ukisukuma kijiti, rimoti hutuma alama kwa mawimbi. Gari hupokea alama, huitambua, kisha hufungulia mota umeme. Rimoti nyingi za bei nafuu huandikwa 27MHz au 49MHz. Namba 27 maana yake ni kwamba wimbi linatetemeka mara milioni 27 kwa sekunde moja. Rimoti na gari lazima viwe na namba moja, la sivyo ni kama wewe unasikiliza stesheni nyingine. Magari mapya zaidi huandikwa 2.4GHz. Hayo hufungamana na rimoti yake yenyewe, kwa hiyo usinunue gari bila rimoti yake, wala rimoti bila gari lake.

Hatukununua jipya. Tulikwenda mnadani tukapata gari la mtumba, limevunjika magurudumu na bodi, lakini rimoti inajibu. Bei shilingi 10,000. Mwuzaji alitushangaa kuona wazee wanne wanagombania gari lisilo na magurudumu.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Magari ya bei ya chini kabisa yana rimoti yenye kitufe kimoja tu. Hayo hayafai, yana mota moja. Tafuteni rimoti yenye vijiti viwili: kimoja cha kwenda mbele na kurudi nyuma, cha pili cha kukata kushoto na kulia. Ijaribuni pale pale kabla ya kutoa fedha.

Ndani ya gari mna kibao kidogo chenye vidude vingi. Mafundi hukiita sakiti. Kutoka hapo hutoka jozi mbili za nyaya. Jozi ya kwanza ilikuwa ya mota ya kuendesha. Jozi ya pili ilikuwa ya kukata kona. Fundi alikata zote mbili. Jozi ya kwanza akaipeleka kwenye mota mbili za kushoto. Jozi ya pili akaipeleka kwenye mota mbili za kulia. Alilehemu viungo vyote kwa shilingi 2,000.

Sasa kila kijiti kinaendesha upande mmoja wa gari. Ukisukuma vyote viwili, gari linakwenda mbele. Ukisukuma kimoja, linajipinda. Kimoja mbele na kingine nyuma, linageuka pale pale lilipo, kama katapila la kutengeneza barabara. Halihitaji stelingi wala magurudumu ya kukunja. Kijiti cha pili kinasukumwa kwa ubavu, si mbele na nyuma, na mwanzo kilituchanganya. Tuliandika M na N juu ya rimoti kwa kalamu ya wino, yaani Mbele na Nyuma. Gurudumu likizunguka kinyume, badilisha nyaya mbili za mota hiyo, moja ikae mahali pa nyingine.

KULIUNGA GARI

Ubao wa chini tulikata kwenye kasha la nyanya. Mota mbili za nyuma tulizifunga kwenye ubao huo kwa waya na skrubu. Mota mbili za mbele hatukuzifunga kwenye ubao. Hapa ndipo penye siri ya gari zima, na ndipo tulipokosea mara ya kwanza.

Gari lenye magurudumu manne likikaa juu ya mawe, mara nyingi moja huning'inia hewani, kama meza yenye mguu mfupi. Gurudumu linaloning'inia halisukumi kitu. Dawa yake tunaiona kwenye trekta. Mkiona trekta shambani, tazameni ekseli yake ya mbele. Imeshikwa katikati na pini moja, ikabembea kama mizani. Gurudumu moja likiingia mfereji, lingine hupanda, na trekta haliinuki upande.

Basi tulikata kipande kingine cha mti, sentimita 10, tukafungia mota mbili za mbele. Kipande hicho tukakishika kwenye pua ya gari kwa boliti moja, katikati. Siku ya kwanza tuliisimamisha boliti wima. Matokeo yake ekseli ilikata kushoto na kulia kama mkokoteni wa ng'ombe, na gurudumu bado linaning'inia. Boliti lazima ilale, ielekee mbele kama pua. Tulipigilia kijigogo kwenye ncha ya ubao, tukakitoboa kwa msumari wa moto, boliti ikapita humo. Msiikaze nati sana. Ekseli ibembee kwa urahisi, lakini isiyumbe ovyo.

Urefu nao una mambo yake. Gari linalogeuka kama katapila hukokota magurudumu kwa ubavu. Likiwa refu kuliko upana wake, linakuwa zito kugeuka. Letu, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni sentimita 18, na upana ni sentimita 18.

Magurudumu hayakutugharimu hata senti. Kila moja ni kifuniko cha plastiki cha sentimita 5, kimejazwa kipande cha ubao cha mviringo. Kuzunguka kifuniko tulivika sponji ya godoro kuukuu, unene sentimita moja na nusu. Juu ya sponji tukavika kipande cha tyubu ya baiskeli, ile ambayo watoto hukatia manati. Tairi likawa sentimita 8. Sponji ni muhimu. Tairi gumu hugusa jiwe mahali padogo kama kidole, likateleza. Tairi laini hubonyea, likalikumbatia jiwe. Tulianza na malapa matupu. Malapa ni magumu mno kwa kazi hii, ingawa kwa gari la waya hayana mpinzani. Gurudumu tulilikaza kwenye ncha ya mota kwa skrubu ndogo, maana ncha ina tundu lake katikati.

Pamoja na gia zile, gari linakwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Kijana alisikitika alipoona. "Mbona linatambaa?" aliuliza. Tukamwambia asubiri lifike kwenye jiwe.

MAWE YA TOCHI

Gari linatumia betri nne ndogo za volti 1.5. Ukizipanga mstari, kichwa kwa mkia, unapata volti 6. Zile za bei ya chini kabisa zinafaa saa ya ukutani, lakini hapa zinachoka kabla hujafika kwenye jiwe la pili. Tulinunua zilizoandikwa "alkaline", shilingi 4,000 kwa nne.

Hapo mwenzetu mmoja akasema, "Kwa nini tununue? Tutumie betri ya simu iliyokufa." Tulikataa, na tunawaomba ninyi nanyi mkatae. Betri ya simu ni ya lithiamu. Ikitobolewa, ikipindwa, au nyaya zake mbili zikigusana, inaweza kuwaka moto ghafla, na moshi wake ni mbaya. Iliyovimba ndiyo mbaya zaidi. Gari la kupanda mawe huanguka mara kwa mara. Si mahali pa betri ya namna hiyo, hasa mikononi mwa mtoto. Na betri zile bapa mfano wa kifungo cha shati, zinazokaa katika baadhi ya rimoti, msiziache mahali mtoto mdogo anapofika. Mtoto akimeza, inaweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa mbili tu. Msingoje aone maumivu. Mkimbizeni hospitali saa ile ile.

Betri ziwekwe wapi? Sisi tuliziweka nyuma, juu ya ubao, kwa sababu palikuwa na nafasi. Gari lilipopanda likapinduka chali kama kobe. Gari likipanda, uzito wake hurudi nyuma. Mama anayepanda mlima na ndoo kichwani huinama mbele. Gari haliwezi kuinama, kwa hiyo uzito uwekwe mbele tangu mwanzo, na uwe chini. Tulizihamishia betri chini ya ubao, karibu na ekseli ya mbele.

Tulipima. Tulichukua ubao wa sentimita 100, tukaweka gari juu yake, tukainua ncha moja. Betri zikiwa nyuma, gari lilipinduka tulipofika sentimita 45. Betri zikiwa mbele na chini, tulifika sentimita 60 bila kupinduka, likaanza kuteleza tu. Kijana aliandika hesabu hiyo kwenye daftari lake mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

MOSHI

Jumapili ya kwanza gari lilibanwa kati ya mawe mawili. Kijana akaendelea kusukuma vijiti. Sisi nasi tulikuwa tunashangilia, "Kaza! Kaza!" Ghafla tukasikia harufu ya plastiki inaungua. Sakiti ilitoa moshi, gari likanyamaza. Shilingi 10,000 zikaondoka hivyo.

Fundi alitueleza. Mota inayozunguka hunywa umeme kidogo. Mota iliyozuiwa isizunguke hunywa umeme mwingi zaidi mara kadhaa. Umeme huo wote unapita katika vidude vidogo vya sakiti, ambavyo vilitengenezwa kwa mota ndogo, tena si nne. Kwa hiyo gari likibanwa, hesabu moja, mbili, acha vijiti. Rudi nyuma, tafuta njia nyingine. Na kwenye waya wa betri tia fyuzi ya ampea 2. Inauzwa pamoja na kikasha chake kwa shilingi 1,000. Umeme ukizidi, fyuzi inakatika, sakiti inapona. Sisi tulikuwa na shilingi 1,000 iliyobaki mfukoni siku ile ile, hatukuinunua.

Hebu tupige hesabu yetu. Gari la mtumba 10,000. Mota 14,000. Nauli ya basi 3,000. Fundi 2,000. Betri 4,000. Jumla 33,000. Weka fyuzi 1,000, ni 34,000, yaani majogoo wawili kamili. Hizo ni bei tulizolipa sisi. Za kwenu zitakuwa nyingine kidogo. Lakini baada ya moshi tulihitaji gari la pili la mtumba, shilingi 10,000 nyingine. Kwa hiyo mpaka wetu ulivunjika, tukafika 44,000. Kikundi kilisema basi, kuku hawauzwi tena. Tulikaa kimya muda mrefu. Aliyetoa zile 10,000 ni baba wa kijana. Alizitoa bila kusema neno, tena alikuwa bado hana redio. Safari hii fundi alilehemu bila malipo. Labda alituonea huruma.

GARI LINALOSIKIA VIBAYA

Sakiti ya pili ilipofungwa tuliona jambo la ajabu. Kabla ya kuibadilisha mota zake, gari lile la mtumba lilisikia rimoti kwa hatua kama 12. Baada ya kufunga mota zetu za njano, lilisikia kwa hatua 4 tu. Tulibadilisha betri za rimoti, haikusaidia.

Mnajua pikipiki ikipita karibu, redio hukoroma. Ni kwa sababu cheche za umeme hutoa mawimbi yanayovuruga redio. Ndani ya mota ndogo mna cheche pia, na mota iko kando ya sakiti inayosikiliza. Gari lilikuwa linajipigia kelele lenyewe. Katika mota ya zamani fundi alituonyesha kidude kidogo bapa, mfano wa dengu, kimelehemiwa kati ya nyaya mbili. Kinaitwa kapasita. Kazi yake ni kumeza kelele hizo. Tulikuwa tumezitupa mota za zamani pamoja na kapasita zake. Fundi alizing'oa nyingine nne kutoka kwenye mizoga ya redio, akatia moja kwa kila mota, na gari likarudi hatua 10.

Waya mwembamba unaotoka peke yake kwenye sakiti ni eriali. Msiukate, wala msiukunje mviringo. Sisi tumeusimamisha kwa kuufunga kwenye spoku ya baiskeli, ukapita ndani ya mrija wa plastiki ili usiguse chuma.

JUU YA JIWE

Jumapili iliyofuata tulikwenda nyuma ya nyumba ya bibi. Pana jiwe refu lenye mteremko, na chini yake pana mawe madogo madogo. Bibi aliletewa kigoda. Kijana alishika rimoti.

Gari lilifika kwenye jiwe la kwanza, la sentimita 6 hivi. Gurudumu la kushoto la mbele likagusa, likabonyea, likapanda. Ekseli ya mbele ikalala upande kama trekta linavyovuka tuta. Magurudumu mengine matatu yalikuwa bado chini, yanasukuma. Halikuruka wala kuyumba. Likapita. La pili likakwama, kijana akahesabu moja, mbili, akaacha, akarudisha nyuma, akapita ubavuni. Hakuna aliyepiga kelele za "Kaza!" safari hii.

Baba yake alisimama nyuma yake muda wote. Mwisho akasema, "Lete niione." Akapewa rimoti. Alisoma zile M na N kwa sauti, kisha akalipandisha gari mteremko mzima wa jiwe refu, taratibu, mpaka juu. Kule juu likasimama. Lilikuwa limepita hatua 10, halisikii tena. Ikabidi kijana avue viatu apande mwenyewe kulichukua.

Redio ya bibi bado iko kwa fundi. Mota yake tumeirudisha. Kilichobaki ni uzi wa kutafutia stesheni, ambao kijana aliukata siku ile alipoifungua. Fundi amesema aje Jumamosi, aushike yeye wakati anaufunga.